Nyimbo za Upinde wa Mvua na Mama Mdogo

Mtoto wa kaka yangu alipohamia kwetu Al Amerat, pembeni ya Muscat, ili asome chuo, alikuja na sanduku la nguo, mto wake wa kulalia, na nyimbo za Kijapani zinazohusu upinde wa mvua. Nguo na mto nilivitafutia nafasi kabatini. Nyimbo hakuna aliyenitahadharisha.

Kila asubuhi namchukua kwa gari langu, maana benki ninayofanya kazi iko Ruwi na chuo chake ni upande huohuo. Humo garini mwenye amri ni mie, isipokuwa kwenye redio. Huko nilipinduliwa wiki ya kwanza. Anaunganisha simu yake, piano inaanza kudonoa polepole, na wakati tunaupanda mlima wa kutokea Amerat, binti mmoja wa Kijapani anatusimulia kwa huzuni kwamba jana kulinyesha. Baadaye binti anavuta pumzi, ngoma zinaingia, jua linatoka. Karibu na mwisho sauti inapanda daraja moja, watu wanapiga makofi, na hapo hata asiyejua neno la Kijapani anajua kwamba upinde umeshatokea. Siku za mwanzo nilidhani ni wimbo mmoja mrefu anaousikiliza kwa vipande.

Nilipomwambia hivyo alininunia mpaka tukafika mjini.

"Shangazi, kila mmoja na wake!" alisema alipopata sauti. "Huu wa kundi la wasichana, upinde ni njia ya kwendea kwenye ndoto zao. Huu wa yule bwana na gitaa lake, upinde ni daraja, na mpenzi wake yuko ng'ambo ya pili. Huu wanaimba wanafunzi wakimaliza shule, wanaagana, upinde ni ahadi kwamba wataonana tena. Na huu wa katuni."

"Na kwenye katuni upinde ni nini?"

"Kwenye katuni upinde ni upinde, shangazi."

Nikamwambia, mwanangu, sisi huku mvua ikinyesha shule zinafungwa, wadi, lile bonde kavu, inashuka na mafuriko, njia ya mlimani inakatwa, na wanaume wazima wanatoka nje kupiga picha dimbwi. Katika nchi ya mvua za kubahatisha, hamu ya upinde umeitoa wapi? Akanijibu kwamba ndiyo maana. Nikamwambia afunge mkanda, na mkanda alikuwa ameshafunga.

Sasa hapa lazima niseme jambo la ukoo wetu, maana bila hilo mtu ataona sote tumerukwa na akili. Mama yangu na mdogo wake walizaliwa Unguja na wakakulia kwenye tarabu, na kwa watu wa tarabu wimbo hausikilizwi hivi hivi. Wimbo anarushiwa mtu. Mwanamke anangojea ubeti wake, akiusikia anainuka, anajitikisa taratibu mpaka mbele, anamtunza mwimbaji kwa pesa, na huku anatunza jicho liko kwa yule aliyekaa pembeni ambaye alimsema kisimani. Hakuna anayeuliza maana. Ukumbi mzima umeshaelewa, na mwenye kurushiwa anatazama dari.

Walipokuja Muscat walikuja na tabia hiyo. Utotoni mwangu jirani akifungulia kaseti wakati mama anaanika nguo, mama aliacha kuanika, akasikiliza ubeti na kibanio mdomoni, akajiuliza kamfanya nini yule mwanamke. Aliwahi kutosemezana na mke wa ami yake kwa muda mrefu sana kwa ajili ya wimbo ambao, ilikuja kubainika, yule bibi aliuacha uendelee kulia kwa sababu redio yake ilikuwa imegoma kuhama stesheni. Walikuja kupatana, lakini si kwa sababu hiyo. Mama hajaiamini ile habari ya redio mpaka leo.

Ninachotaka kusema ni kwamba katika vizazi vyote ninavyovijua, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kurushiwa wimbo kwa nia njema.

Basi tuje kwa mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, na katika ndugu wa tumbo lao wamebaki wao wawili tu. Ni mjane, anakaa Madinat Sultan Qaboos kwenye nyumba yenye maua mengi kuliko watu, watoto wake wametapakaa dunia nzima. Kila Ijumaa huja kwetu kula. Abaya yake ni nyeusi kama za watu wote, lakini mtandio, lo! Zambarau, chungwa, kijani cha ndimu, waridi, na siku nyingine vyote kwa pamoja. Udi wake unafika kabla yake na unaondoka baada yake. Ana miaka sabini na kitu, na mama yangu bado anamwambia "we mtoto, kaa vizuri".

Baina yao palikuwa na donda. Mwaka uliopita mama alilazwa akatolewa mawe ya nyongo, na mama mdogo hakutia mguu hospitalini, hata siku moja. Mara yuko Dubai kwa mwanawe, mara ana mafua, mara dereva hakuja. Alitokea mama alipokwisha kurudi nyumbani na kuanza kula, na sinia la halwa mkononi na mtandio wa manjano. Mama akaipokea halwa, akatabasamu. Kwa wanaomjua mama yangu, hilo lilikuwa tangazo la vita.

Mtoto wa kaka yangu hakuyajua hayo. Kazi yake ya Ijumaa ni sambusa na kachumbari, na spika yake ndogo huiweka kwenye dirisha la jikoni, na dirisha la jikoni linatazama geti. Sijui nani aliyeijenga nyumba yetu namna hiyo, lakini hakuwa mtu wa tarabu.

Ijumaa ya kwanza gari la mama mdogo liliposimama, piano ikaanza kudonoa. Sikutilia maanani. Ijumaa ya pili mguu wake ulipogusa chini, piano ileile. Nikamwona mama, aliyekaa barazani na tasbihi yake, ameinua kichwa. Ijumaa iliyofuata mama mdogo alisimama getini kabisa, mkono kwenye mkufu, akasikiliza mpaka ngoma zikaingia. Kisha akaja ndani na uso wa mtu aliyekwenda posta kuchukua barua yake.

Tulikaa kula. Siku hiyo palikuwa na wali wa nazi na mchuzi wa papa. Mama mdogo alikula tonge mbili tatu, akajipangusa mdomo.

"Mwanangu," alimwambia mtoto wa kaka yangu kwa sauti ya asali, "ule wimbo wako mzuri. Unasema nini?"

Mie nilijaribu kumkanyaga yule mtoto chini ya meza, nikamkanyaga mama. Mtoto uso ulimng'aa. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ni wa upinde wa mvua, bibi. Anasema mvua ilinyesha siku nyingi, nami nikawa peke yangu. Mvua ilipokatika, ndipo ukatokea wewe, na rangi zako zote saba!"

Halafu mama yangu akacheka.

Si kicheko kikubwa. Kilikuwa kile cha kooni, cha mtu aliyeona mpira umeingia wavuni bila yeye kuinuka. Mama mdogo akaweka kijiko chini taratibu. Akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba," akachukua mkoba, akatoka. Kahawa hakunywa, tende hakugusa. Katika nyumba ya Kiomani mtu akiondoka bila kahawa, afadhali angevunja dirisha.

"Kafanyaje bibi?" mtoto aliuliza.

Mama alimsogezea kipande kinono cha papa. "Kula mjukuu wangu. Una akili weye, wala hujioneshi."

Mama mdogo hakuja Ijumaa ya pili yake, wala iliyofuata. Mama alijifanya hajali. Alikuwa akisema, "Nyumba imetulia," na huku anatazama geti. Sahani ya mdogo wake aliiweka mezani kila mara, akasema kasahau, akaamuru iondolewe.

Na hapo ndipo yalipotukuta ya moyo. Mama alianza kusimama katikati ya safari ya chumbani hadi sebuleni, mkono ukutani, na ukimuuliza anasema anatazama rangi ya ukuta. Siku moja akaitazama rangi kwa muda mrefu sana, nikamtia garini kwa nguvu. Daktari akatueleza kwamba kilango kimoja cha moyo kimechoka, hakifunguki sawasawa. Bila kupasuliwa hatafika mbali. Kupasuliwa nako, kwa umri wake, si jambo la kulifanyia mchezo. Akampangia siku.

Mama alisikiliza yote hayo amekunja mikono kama mtu anayeuziwa jokofu. Tulipofika kwenye gari akasema, "Siingii chumba hicho bila radhi ya mdogo wangu."

Kwetu mtu akienda safari nzito huombana radhi na watu wake: nisamehe nililokukosea ninalolijua na nisilolijua. Kwenda Hija ni safari nzito. Kulazwa chini ya kisu ni nzito zaidi. Nilijua atalisema, nikapandwa na hasira vilevile, maana mie ni mtu wa hasira za karibu.

"Mama, daktari kasema usipopasuliwa—"

"Nimemsikia. Nna masikio. Na mie nimesema nilivyosema, endesha gari."

Basi roho ya mama yangu ikawa imetundikwa kwenye wimbo wa Kijapani.

Nilimpigia mama mdogo, hakupokea. Nikaamua kwenda mwenyewe, nikitoka kazini. Alinipokea vizuri mno, jambo ambalo lilinitisha. Kahawa, tende, halwa, kikombe juu ya kikombe. Nikamweleza habari ya moyo, nikamwambia siku iliyopangwa, nikamwambia sharti la dada yake. Nikaona uso umembadilika, mkono umekwenda kwenye mkufu. Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

"Hospitali ileile?" aliuliza.

"Ileile."

Akainuka. Akaenda kwenye redio yake kubwa ya kabatini, akatafuta, akaweka tarabu ya zamani, akaipandisha sauti mpaka vikombe vikaanza kucheza kwenye sinia. Ilikuwa ya mtu aliyechomwa na wa kwao akaamua kukaa mbali. Aliniacha niusikilize wote, mpaka fidla ya mwisho. Kisha akazima, akaniuliza kama wale watu wa benki wananipa likizo ya kutosha.

Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nami nilirudi Amerat jioni ile nimebebeshwa wimbo kama bakuli, sijui niuweke wapi. Kwenye gari niliwatukana wote wawili, mmoja mmoja na kwa pamoja, nikawaomba msamaha kwa Mungu, nikaanza tena.

Nyumbani nilimkuta mtoto wa kaka yangu anakunja nguo, nikamwambia kila kitu, maana nilikuwa nimechoka kuyabeba peke yangu. Nikamwambia wimbo wake umemchoma bibi mdogo, na kwa ajili hiyo bibi mkubwa hataki kupasuliwa. Alinitazama kama nimemwambia paka wetu ni waziri.

"Lakini shangazi, mie nilikuwa namkaribisha!"

"Nini?"

"Si anapenda rangi? Kila nikimwona anashuka na mtandio wake nasema, huyo, upinde umefika. Kwa hiyo nikamtafutia wimbo wake. Nikawa namfungulia yeye. Nilidhani kafahamu." Akaanza kulia. "Nilidhani kafurahi."

Nilikaa chini juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. Kumbe mama mdogo hakukosea. Wimbo kweli alirushiwa yeye. Ila ulirushwa kwa mapenzi, na hilo katika ukoo wetu halikuwa na mfano. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulidhani.

Nikampigia tena mama mdogo, hakupokea. Nikamwandikia maneno marefu, nikamweleza yote, mtandio, ukaribisho, machozi ya mtoto. Aliyasoma. Akanijibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu. Wallahi nilitaka kuitupa simu ndani ya sufuria. Na nilimfahamu, vilevile. Ukimpiga mtu fumbo halafu ukaja kumwambia hukukusudia, ndiyo kwanza unamhakikishia.

Mama alikuwa mlangoni. Hatukumsikia kuja, siku hizo alitembea polepole hata kandambili zake hazikulia.

"Mtoto asilizwe," alisema. "Wimbo sikuutuma mie, wala mtoto hana kosa. Lakini kicheko nilicheka mie."

Akakaa kitandani, akapumzika kwanza.

"Alikuwa akielezwa ule wimbo, ananitazama mie. Alitaka nimwambie sio. Nami nikacheka." Akamgeukia mtoto. "Hebu mjukuu wangu. Hao Wajapani wako, upinde wao lazima utoke mvua ikishakatika? Hakuna hata mmoja unaotoka na mvua ingali inanyesha?"

Mtoto alijifuta macho kwa fulana yangu iliyokunjwa, akaitafuta simu. Alisikiliza vipande vipande, akitikisa kichwa: huyu mvua ishakatika, huyu ishakatika, huyu anangoja ikatike. Nikaanza kuwaonea huruma Wajapani. Mwishowe akapata mmoja. Watu wawili wamesimama njiani, wanarowa, hawana pa kujikinga, mmoja anamwambia mwenzake tazama kule, na mvua bado inawanyeshea. Si wimbo maarufu, alisema. Hauna hata makofi.

"Huo huo," alisema mama. "Nifundishe."

Nimeishi na mama yangu maisha yangu yote, nikadhani nimeshaona vituko vyake vyote. Alikaa kitandani na mjukuu wake anampa neno moja moja, naye analirudia kwa kh na gh za kooni ambazo wimbo wenyewe haukuwa nazo. Mtoto alimrekebisha kwa adabu. Mama akamjibu kwamba Wajapani wakisikia yake watahama. Walicheka. Lakini kila baada ya maneno machache mama alisimama kuvuta pumzi, mkono kifuani, halafu akaendelea alipoachia. Sikuweza kutazama. Nilikwenda jikoni, nikasimama mbele ya dirisha lile la geti, nikalia, maana niliogopa kwamba nitakuja kuikumbuka sauti hiyo na mwenyewe hayupo.

Wakaurekodi kwenye simu ya mama. Kipande kifupi tu, pumzi zake ndani yake, na mwishoni akasema kwa Kiswahili chake: "Haya, we mtoto. Ndio huo." Wakautuma Madinat Sultan Qaboos. Alama mbili zikageuka buluu. Tukangoja. Hakikuja hata kidole gumba.

Siku ya hospitali ikafika. Mama alikubali kwenda, akakubali kuvishwa lile gauni lao, akalalamika kwamba halina mgongo. Lakini alipoletewa kalamu atie sahihi akaifungia mkononi, hakutia. Muuguzi alikuwa dada wa Kenya, mpole, wa kazi.

"Mama, weka sahihi hapa tafadhali. Daktari ako tayari."

"Nnangoja mtu."

"Nani, mama?"

"Mdogo wangu. Bado hajafika."

Muuguzi akachungulia mlangoni, nadhani akitazamia msichana. Daktari akatuma mtu kuuliza. Wakatuma tena. Muuguzi akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba kama si leo itabidi apangiwe upya, na nafasi haipatikani kesho wala kesho kutwa. Nikamrudia mama, nikamsihi, nikamkasirikia, nikambusu mikono. Akanipapasa shavu, akasema, "Usilie mwanangu, uso wako ukilia hauna haya." Kalamu akaendelea kuishika.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeinua pua mwanzo.

"Udi," alisema.

Sote tukaunusa. Ulikuja kwenye ukumbi ule wa dawa na sabuni, ukakata kona, ukaingia chumbani. Muuguzi akapiga chafya. "Aki hiyo marashi ni kali," alisema. Baada ya udi akaja mama mdogo mwenyewe. Sijapata kumwona vile. Mtandio wa rangi zote umekwenda upande, uso umemtoka jasho, mkono mmoja ameshika ukuta kama kipofu, mwingine ameshika mkoba kifuani. Alisimama kizingitini, hakuweza kuuvuka.

"Dada," alisema. "Naogopa. Tangu siku ile mama yetu alipotolewa mle ndani amefunikwa shuka, na nilikuwa peke yangu pale nje, naogopa. Nikiona lile geti tu miguu inakufa. Mwaka jana nilifika hapo chini mara mbili, nikarudi."

Mama alimtazama. Sijui kama alikuwa akijua. Nadhani hakujua, maana uso wake ulilainika ukawa wa mtu mwingine, wa msichana mkubwa aliyeachiwa mdogo wake amtazame.

"Si ungesema, mdogo wangu."

"Ningesemaje, na nyumba yenu kila kitu wimbo?"

Mtoto wa kaka yangu alitaka kucheka, nikamfinya. Mama mdogo alifumba macho, akavuka kizingiti, akaja mpaka kitandani, akaushika ule mkono wenye kalamu kwa mikono yake miwili.

"Nimekuja," alisema. "Nimekuja na mvua ingali inanyesha."

"Nimeona," alisema mama. "Na mwavuli uko wapi?"

Wakaombana radhi hapo hapo, wakisemezana kwa pamoja hata hakuna aliyemsikia mwenzake, niliyokukosea na uliyonikosea, ya duniani na ya akhera, na kicheko kile cha mezani. Mama akatia sahihi. Mama mdogo alifuatana na kitanda mpaka kwenye ile milango miwili isiyoruhusu mtu. Ilipofunga alibaki ameitazama, nikadhani ataanguka. Mtoto wa kaka yangu akamshika kiuno, akamkalisha kwenye kiti cha ukumbini, akatoa zile nyaya zake za masikioni, akajitia moja yeye na nyingine akamtia bibi yake.

Kungoja kwenyewe sitakueleza. Aliyepata kungoja mlangoni pale anajua, na asiyepata, Mungu amwepushe. Nilisoma Yasini, nikasahau nilipofika, nikaanza upya. Nilichokuwa nakitazama ni kiatu cha mama mdogo. Kilianza kugonga sakafu, polepole. Halafu akavua vyote viwili, akapandisha miguu juu ya kiti, yeye mwenye adabu zake zote za Madinat Sultan Qaboos, akawa anaguna ule wimbo usio na makofi, kwa Kijapani kibovu kuliko cha dada yake. Muuguzi alimwambia aende akapumzike, atapigiwa simu. Hakusikia, au alijifanya nyaya zimemziba.

Daktari alipotoka na kusema moyo umekubali, mie ndiye niliyekaa chini sakafuni. Mama mdogo aliuliza kiti chake kinaweza kuingizwa ndani lini.

Mama alifumbua macho vizuri siku iliyofuata, asubuhi. Midomo mikavu, mipira kila mahali, rangi hana. Nilimwinamia, nikamwita. Alinitazama, akanitambua, kisha akageuza macho kwenye kiti cha pembeni, ambako mdogo wake alikuwa amelala kichwa nyuma, mdomo wazi, mtandio umemwangukia puani, kiatu kimoja mguuni na kimoja hakijulikani kiko wapi.

Akaniashiria nisogeze sikio. Sauti yake ilikuwa kama karatasi.

"Mwamshe," alisema. "Mwambie mvua imekatika, aende kwao akaoge."

"Siendi," alisema mama mdogo, wala hakufumbua macho.